Mwaka wa Kulaza Betri

Ni mimi niliyeanzisha desturi ya kulaza betri Kawangware. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, na kwa ufundi ambao laiti ningeutia kwenye insha zangu, labda zingepata wasomaji zaidi. Nililikana jukwaani, siku ya kuzindua kitabu changu cha kwanza, pale mwendesha kipindi aliponiuliza nilikuwa wapi mwaka ule uliofuata chuo kikuu. Nilishusha sauti kama mtu aliyeona mengi, nikasema nilikuwa kwenye utafiti wa nyanjani. Nyanja yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati huko Gatina, ndani ya Kawangware, na utafiti ulikuwa kupasua betri kuukuu za laptopu, kutoa seli zilizo hai tumboni mwao, na kuziunga upya. Mwezi uliopita nikalikana tena, safari hii nikiwa nimekalia kiti cha plastiki, sahani ya pilau mapajani, mbele ya mwanamke yuleyule aliyenifundisha kazi. Petro angalau alikuwa na jogoo wa kumzindua. Mimi nilikuwa na spika ya nyimbo za injili iliyokuwa ikikwaruza.

Ilikuwa sherehe ya kumuaga mwanamke huyo, Mama Mutua. Mwenye ploti amevunja safu nzima ya vibanda ili apandishe ghorofa, na Mama Mutua, badala ya kutafuta kibanda kingine, ameamua kurudi kwao Machakos akalale, kama alivyosema mwenyewe, mahali ambapo jogoo anajulikana mwenyewe ni nani. Kando yangu aliketi fundi mmoja mwenye mikono iliyoungua hapa na pale, alama ninazozijua kwa sababu ninazo. Aliponiona na miwani na mkoba wa ngozi alinionea huruma, akaanza kunifundisha. Akaniambia, madam, hii kazi ya betri iko na siri. Betri haiungwi siku ileile. Inajazwa chaji, inalazwa Jumapili mpaka Jumapili, ndiyo ujue ni gani inakudanganya. Nikamuuliza nani aliyegundua hayo. Akasema ni Mchina mmoja alipita hapa kitambo, akafundisha watu, akaenda. Nikasema, "Kumbe." Nilipoinua macho, Mama Mutua alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa meza, kijiti cha meno mdomoni, nyusi moja juu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na Mchina ambaye hajawahi kuzaliwa.

Sababu za kukana ni nyepesi. Mwanzoni ilikuwa aibu: nilikuwa na shahada ya falsafa, na shahada ya falsafa ina kiburi kingi kwa sababu haina kingine. Baadaye ilikuwa kujilinda, maana ukisema tu uliwahi kutengeneza laptopu, kila harusi na kila matanga utaletewa moja ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa karatasi. Mwishowe ikawa mazoea. Uongo ukikaa sana mahali hupewa kitambulisho. Sasa nimefika umri wa kuhesabu mambo niliyoyafanya ambayo yangali yanafanya kazi, na nikitoa watoto wangu, ambao wanafanya kazi kwa zamu, ninabaki na hili la betri. Kwa hiyo nalidai.

Habari za kwetu nitaziruka. Mama yangu yu hai na anasoma. Nianze na chumba. Nilipanga Kongo, kipande kingine cha Kawangware, chumba cha mabati chenye dirisha lililotazama ukuta wa jirani kwa ukaribu kiasi kwamba niliweza kujua amepika nini kwa kugusa bati lake. Ploti nzima ilikuwa na mita moja ya stima, na mwenye ploti, mzee mpole aliyezaliwa palepale wakati Kawangware ikiwa mashamba, alikuwa akizima swichi kubwa kila asubuhi kwa sababu aliamini wapangaji wanapika kwa koili ya stima mchana. Aliamini sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo, chini ya kitanda, ndani ya kiatu. Tatizo ni kwamba laptopu yangu, niliyoirithi kwa mwanafunzi aliyenitangulia chuoni, ilikuwa na betri iliyokufa zamani. Bila stima ilikuwa trei. Nami nilikuwa natuma maombi ya kazi, na ofisi, kama wengi walivyogundua kabla yangu, hufunguliwa mchana.

Hivyo nikaenda kwa Mama Mutua. Kibanda chake kilikuwa kimeegemeana na saluni ya Shiru, na kati yao palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba ambao haukuzuia chochote ila mwanga. Nilisimama mlangoni nikasema, kwa Kiswahili changu cha chuo, kwamba naomba kutengenezewa betri ya kipakatalishi. Kisha upande wa pili wa ukuta, sauti ya Shiru ikauliza huyo anauza nini. Mama Mutua hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mrembo na anajua, aliyevaa hereni kubwa hata akiwa anashika moto wa kulehemu, na aliyependa kusema kwamba hakuna mwanamume toka Gatina mpaka Olympic kule Kibera anayeweza kazi yake, jambo ambalo halikuwa kweli lakini lilikuwa karibu na kweli. Aliitazama mikono yangu, si betri. "Una kucha nzuri," akasema. Nikadhani ni mambo ya saluni. Akanipa betri ya mtu mwingine iliyokuwa mezani na kuniambia niifungue, maana ganda la betri hufungwa kwa gundi, na ukitumia bisibisi unalipasua, ila kucha ndefu na roho ya subira hulifungua kama njugu. Nilikaa pale mpaka jioni. Kesho yake nilirudi, kwa ajili ya betri yangu, nilijiambia. Nilirudi mwaka mzima.

Ndani ya betri za laptopu za wakati ule mlikuwa na seli nono kama betri za tochi, zimelala pamoja kama watoto kitanda kimoja. Betri ikifa, mara nyingi si zote zilizokufa. Ni moja au mbili, ila zinawavuta wenzao. Kazi ya Mama Mutua ilikuwa kukusanya maiti kadhaa na kutengeneza mzima mmoja. Kando ya seli hukaa kibao kidogo cha saketi chenye akili yake. Ukikata seli kabla hujakipa chakula cha stima kutoka kwingine, kinajifunga, na hakifunguki tena hata ukikiombea. "Usikate kitovu kabla mtoto hajapumua," ndivyo Mama Mutua alivyosema, nami nikaandika moyoni kwamba hiyo ni sitiari nzuri, na nikiwa bado naifurahia nikakata. Betri niliyoiua kwa namna hiyo ilikuwa yangu. Kwa hiyo mwaka wote ule, fundi wa betri wa Gatina alikuwa anatumia laptopu isiyo na betri. Shiru aliwasimulia wateja wake, na wengine walikuja kuchungulia.

Nakumbuka chakula kuliko ninavyokumbuka mihadhara yote ya chuo. Mama Mutua alikuja na muthokoi kwenye hotipoti ya bluu, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, umepikwa mpaka umekubali, na tulikula tukiwa tumesogeza seli pembeni na kuweka ndoo ya mchanga karibu na mguu, kwa sababu siku moja seli iliyokufa sana, ambayo nilitaka kuifufua kwa huruma, ilipata joto na kuanza kunguruma kama paka. Ilizikwa kwenye mchanga, nami nikafundishwa kwamba zipo ambazo hazifufuliwi. Kupitia ukuta tulisikia yote ya mtaa: nani amehama usiku, nani anasuka nywele za mwenzake kwa chuki, mwanaume gani anasema yuko Mombasa na ameonekana stendi ya Kongo akinunua mahindi choma. Shiru alizima kidraya chake cha kukaushia nywele kila tulipoanza kugombana, asikose neno. Leo nikiandika kwenye chumba chenye rafu za vitabu hadi darini na kimya nilichokitamani ujana wote, kuna siku natamani mtu azime kidraya.

Sasa, Mama Mutua alikuwa na kanuni moja, naye aliishikilia kama sehemu ya ibada: seli huunganishwa kwa rangi. Bluu na bluu, kijani na kijani, zambarau na zambarau. Sababu yake haikuwa ya kijinga. Rangi moja maana yake kiwanda kimoja, na waliozaliwa pamoja huzeeka pamoja. Alizijaza chaji, akazipima kwa mita ya volti saa hiyohiyo, zote zikasoma vizuri, akaziunga. Nyingi zilidumu. Nyingine zilirudi, na hakuna kilichomuumiza kama betri inayorudi. Mtu akitokea mlangoni ameikumbatia laptopu, alikuwa akigeuka kabisa na kuanza kutafuta kitu kwenye boksi. Aliyemuumiza zaidi alikuwa mchungaji mmoja aliyehubiri kwa kusoma kwenye kioo cha laptopu, maana alisema karatasi ni mambo ya zamani. Alirudi Jumatatu akiwa mtulivu sana. Alituambia kwamba laptopu ilizima mke wa Lutu akiwa bado hajageuka nyuma, na waumini walibaki wameinama wakidhani ni maombi ya kimya. Upande wa pili wa ukuta mtu alikimbilia nje kucheka. Mama Mutua akachukua betri bila kumtazama. Seli zote zilikuwa za bluu, nzuri, zinazofanana kama pacha.

Ugunduzi wangu, ambao leo ni mali ya Mchina, niliupata kwa kutofanya kazi. Nilikuwa nimejaza chaji trei nzima ya seli nikapatwa na homa. Nililala chumbani Kongo siku nyingi, nikilishwa uji na jirani wa ule ukuta, na trei ilibaki juu ya rafu ilipokuwa. Niliporudi nilijua nitasutwa, kwa hiyo nikaanza kuzipima haraka kabla bosi hajafika, nionekane nimeshughulika. Zote nilikuwa nimeziacha zikisoma sawa. Sasa nyingine zilikuwa palepale, imara, kama watu walioambiwa wangoje na wakangoja. Nyingine zilikuwa zimeshuka, baadhi kidogo, baadhi sana, na hakuna aliyezigusa. Nilikaa chini. Nilimkumbuka mchungaji. Nikaona kwamba seli iliyotoka tu kwenye chaji husema chochote unachotaka kusikia, na kwamba ukitaka ukweli wake uiache peke yake. Miaka minne ya falsafa ilikuwa inasubiri siku hiyo.

Mama Mutua alipofika nikamweleza. Alisikiliza huku anavua viatu vya barabarani na kuvaa malapa.

"Kwa hivyo hizi zimelala wiki mzima bila kazi," akasema, "na hiyo ndiyo unaniambia ni maarifa."

"Zingine zimeshuka, Mama Mutua. Na hizo zilizoshuka zimechanganyika rangi. Bluu ziko, kijani ziko."

"Kwani betri ni unga ya mandazi, uiache ifure?"

Saluni nzima ilicheka, na toka siku ile jina langu, ambalo lilikuwa Msomi, likawa Mandazi. Nililibeba kwa miezi. Ningeacha mambo hayo, kwa sababu mimi si mtu wa vita, lakini ndipo alipokuja Mwalimu Atieno.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, karani mstaafu, aliyefungua darasa la kompyuta la jioni kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa, kule Kibera inapopakana na Olympic. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima: wafanyakazi wa nyumbani, walinzi, wauza mboga, watu waliotaka cheti kimoja cha kuwaondoa juani. Ofisi fulani ilikuwa imempa laptopu zake za zamani, na betri zake zote zilikuwa zimekufa. Alileta betri hizo kwenye kiondo, zimefunikwa leso kama mayai. Alieleza mara moja na bila kulalamika. Mtihani uliopita, stima ilipotea watu wakiwa katikati ya kuchapa. Mashine zikazima, kazi ikaenda, na kanuni ya wenye mtihani ni kwamba kazi isiyoonekana haikufanywa. Wote walianguka. Mtihani mwingine ulikuwa unakuja, Jumatano, si ya wiki iliyofuata bali ya ile ya baada yake, na wenye mtihani walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba jambo hilo likijirudia hawataleta tena karatasi kwenye chumba chake. Bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti, akasema, mimi nitakuwa mama mzee anayeangalia watu wakichapa majina yao. Mama Mutua akamwambia Jumamosi hii zitakuwa tayari. Mwalimu alifurahi, alitaka wanafunzi wafanye mazoezi nazo kabla ya siku yenyewe. Alipotoka nikasema tuzilaze.

Sitasahau ugomvi ule kwa sababu ulikuwa wa heshima. Hakuna aliyepaza sauti. Nilimwambia kwamba tukiziunga Jumamosi hatutajua ni seli gani mwongo. Akasema yeye anazijua kwa sura. Nikasema, "Hata za mchungaji ulizijua kwa sura." Kidraya kikazimwa. Mama Mutua aliweka chini chuma cha kulehemu, polepole, kwenye kishikio chake.

"Ukizilaza, zitaisha lini?"

"Tukimaliza kuzijaza Jumamosi, zilale mpaka Jumapili ile nyingine. Tuunge Jumatatu na Jumanne."

"Na mtihani ni Jumatano. Watu hawatafanya mazoezi. Zikiwa mbaya hakuna siku ya kurekebisha."

"Najua."

"Basi enda umwambie Mwalimu wewe mwenyewe. Mimi sina hiyo mdomo. Na zikifia mtihanini, Mandazi, usirudi hapa. Rudi kwa falsafa yako."

Nilienda jioni hiyohiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, mazuri, yenye utangulizi. Chumba kilikuwa na madawati ya shule ya Jumapili, mafupi, na watu wazima wamejikunja magoti mpaka kifuani, kila mmoja na laptopu yake, nyaya zimesokotana sakafuni hadi kwenye soketi moja ukutani. Palikuwa na sauti ya vidole tu, kimoja kimoja, kama mvua inayoanza kwenye bati. Mbele yangu aliketi mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani; nilijua kwa harufu, na kwa jinsi alivyokunja mikono ya sweta ili isiguse vitufe. Alikuwa anachapa barua ya kuomba likizo, barua ya mfano, kutoka kwa mtu mwenye kazi. Nilisimama nikisoma juu ya bega lake. Alikuwa amefika "ninatumaini kwamba" stima ikapotea.

Vioo vyote vilizima pamoja. Sikutarajia kimya kile. Nilitarajia miguno, kwa sababu sisi Wanairobi tunaguna stima ikipotea na tunaguna ikirudi. Yule mama aliondoa vidole kwenye vitufe, akaviweka mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imeenda." Na wote wakakaa hivyo, mikono mapajani, kama wagonjwa kwenye foleni. Mwalimu Atieno akaniambia pembeni kwamba yule ameshaufanya mtihani mara mbili. "Mara mbili wameandika ameanguka," akasema. "Na hajawahi kumaliza ukurasa."

Maneno yangu yote yenye utangulizi yalinitoka. Nilimwambia kwa ufupi kwamba nataka betri zake mpaka Jumanne jioni, kwamba hakutakuwa na mazoezi, na kwa nini. Nikamwambia kwamba fundi mwenye kibanda hakubaliani nami. Alinitazama kwenye kile kigiza cha mwanga wa simu za watu.

"Wewe umesomea hii?"

"Hapana. Nimesomea falsafa."

"Basi hiyo ni ya nini?"

Nikasema sijui, lakini seli nimezipima mwenyewe. Kisha akasema nizilaze. "Na ukinikosea usitume mtu," akaongeza. "Uje wewe, usimame hapa, uwaambie hawa."

Kwa hiyo nikazilaza. Tulizipasua betri za Mwalimu, tukatoa seli zilizo hai, na kwa kuwa hazikutosha tukaongeza kutoka kwenye akiba yote ya kibanda, rangi kwa rangi nyingine, jambo lililomfanya Mama Mutua ageuze uso. Tulizijaza, tukazipanga kwenye trei. Wiki ile ndiyo Shiru alifurahia maisha. Alitundika leso mlangoni mwetu kama pazia. Wateja wake waliambiwa wasicheke kwa nguvu wataziamsha. Mwanamke ambaye sikumjua alipita akinyata kwa vidole, akaniuliza kwa kunong'ona kama zimekula. Mzee mmoja aliyeleta redio aliambiwa arudi baadaye, wagonjwa wamelala, akavua kofia. Mama Mutua hakushiriki utani huo, wala hakuukataza. Aliniwekea muthokoi kama kawaida, sahani yangu imejaa kama kawaida, ila alikuwa haketi nami. Alikula amesimama mlangoni akitazama barabara. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wangu wowote. Katika mitihani yangu, ningeanguka ningeanguka peke yangu.

Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, gauni la maua, kofia, hereni zile kubwa zaidi. Hakuwa ameniambia atakuja. Nilikuwa nimeshaondoa leso na kuwasha mita. Alisimama nyuma yangu amekunja mikono, nikawa napima na kutaja, napima na kutaja, nikiziweka zilizosimama kushoto na zilizoshuka kulia. Kijani moja ilishuka. Zambarau mbili zilisimama. Kisha nikafika kwenye bluu, zile bluu zake za fahari, zilizotoka kwenye betri moja, pacha wa pacha. Ya kwanza ilisimama. Ya pili ilishuka. Ya tatu ilishuka sana mpaka nikadhani mita imeharibika, nikaipima upya. Rundo la kulia liliendelea kukua, nusu yake ikiwa bluu, na sikuthubutu kugeuka. Nilisikia tu kitu kikiwekwa mezani, kidogo, cha chuma. Zilikuwa hereni. Alizivua zote mbili, akavuta kigoda, akakalia gauni lake la kanisani kana kwamba si kitu, akaniambia nimpe zile zilizosimama azipange kwa namba za mita na si kwa rangi. Mtu aliyewahi kufanya kazi na mtu anayemshinda kwa umri, ufundi na kiburi, kisha akaona kiburi hicho kikiwekwa mezani bila kelele, atajua kwa nini sina picha ya mahafali ukutani na ninajua mahali kile kigoda kilipokuwa.

Tuliunga Jumatatu na Jumanne, yeye akishika kibao kikiwa hai na mimi nikikata na kulehemu, kwa sababu, alisema, mkono wangu sasa haukuwa unatetemeka sana. Jioni nilizipeleka Olympic, nikazitia moja moja kwenye mashine, zikawaka. Kuwaka hakukuwa na maana yoyote. Hata za mchungaji ziliwaka.

Jumatano sikuweza kushika kitu. Nilifagia kibanda. Nilifagia mbele ya saluni. Nilipanga misumari kwa urefu. Mama Mutua alikuwa anaunga betri ya mtu na kuimba kwa pua, wimbo mmoja, aya moja. Mchana ulifika tukala, safari hii ameketi. Kisha taa ya saluni ikazima, na kidraya kikafa katikati ya kichwa cha mtu. Shiru aliguna. Nikamuuliza kama ni huku kwetu tu. Akatoa kichwa nje, akaita mtu upande wa pili wa barabara, mtu akamuita mwingine, na jibu likarudi kwamba imeenda kote, mpaka Kibera. Mama Mutua aliacha kuimba. Hakuna aliyenitania. Tulikaa hivyo, saluni nzima na kibanda kizima, mikono mapajani.

Simu ilipolia ilikuwa ya Mama Mutua, ile ndogo ya vitufe, iliyofungwa mpira. Alitazama kioo, akanionyesha jina, akabonyeza sauti kubwa na kuiweka mezani kati ya seli. Mwalimu Atieno hakusalimu. Alisema stima imepotea watu wakiwa ukurasa wa kwanza. Msimamizi alisimama, akasema pole, akaanza kukusanya karatasi zake na kufunga mkoba. Kisha akasita, kwa sababu hakuna aliyeondoa mikono. Walikuwa wanaendelea kuchapa. Alizunguka chumba kizima kisicho na taa, akiwatazama mabegani, na mwishowe akafungua mkoba, akaketi. Muuza omena alimaliza wa pili kutoka mwisho, akahifadhi kazi yake, akauliza kama anaruhusiwa kuisoma tena kutoka mwanzo. Hajawahi kuuona mwisho wake, Mwalimu alisema, na hapo sauti yake ikakatika, tukadhani ni mtandao.

Aliporudi alikuwa mwalimu tena. Akasema ana nyingine kwenye stoo, za ofisi ileile, na kundi jipya linaanza wiki ijayo. Akauliza kama anaweza kuzileta kesho, azichukue Ijumaa.

Mama Mutua alijiweka sawa kwenye kigoda. "Ijumaa?" akasema. "Mwalimu, hapa kwetu betri haziungwi mbio mbio. Hapa zinalazwa Jumapili mpaka Jumapili, na zikishuka hatuziguzi. Hiyo ndiyo kawaida yetu." Alisema bila kupepesa jicho, kama mtu anayetaja mila ya babu yake. Upande wa pili wa ukuta mtu alianza kucheka, akazibwa mdomo. Mama Mutua akachukua simu kutoka mezani na kuninyooshea. "Ngoja nikupe fundi," akasema. "Yeye ndiye hupanga siku."

Nikaishika simu, nikamwambia Mwalimu Atieno azilete Jumamosi.